Wanaousoma Udongo wa Sheli ya Zamani

Sheli ikifungwa, pampu hung'olewa, paa hushushwa, na baada ya miaka michache mpita njia haoni ila uwanja mtupu uliomea nyasi. Petroli iliyovuja kwenye tangi lililoliwa na kutu hubaki chini pale pale. Nchini Marekani, ambako Bunge lilipitisha sheria ya matangi ya ardhini mwaka 1984, mivujo iliyothibitishwa imeshapita nusu milioni. Kila mmoja ulihitaji mtu wa kwenda kuutafuta, na kazi ya mtu huyo naistahi sana.

Huanzia kwenye makaratasi. Kampuni ya Sanborn ilichora kwa miongo mingi ramani za miji ya Marekani kwa ajili ya bima ya moto, ikionyesha kila jengo limejengwa kwa vifaa gani na tangi la petroli limekaa upande gani. Mchoraji aliyetaka kujua nyumba ipi itawaka ndiye leo anayemwonyesha mchunguzi pa kutoboa.

Mashine ya kutoboa hupigilia bomba la chuma ardhini na kutoa mche wa udongo ndani ya mrija mgumu wa plastiki. Fundi huupasua kwa urefu kama muwa, akaulaza mezani. Hauinamii kuunusa, kwa kuwa benzini iliyomo ndani ya petroli husababisha saratani. Anautazama. Udongo uliokuwa wa kahawia yenye wekundu, ukifika kina fulani unageuka kijivu cha kijanikijani. Hapo bakteria wamekuwa wakiila petroli, wakaimaliza oksijeni, kisha wakakigeukia chuma kilicho kwenye udongo na kuubadilisha rangi. Kila baada ya kipande kifupi anachukua udongo kidogo, anaufunga katika mfuko, anaungoja utoe mvuke, ndipo anapoingiza ncha ya kipima mvuke. Namba zinapanda, zinafika kilele, zinashuka. Kilele mara nyingi huwa karibu na usawa wa maji ya ardhini, maana petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake. Mvua zikizidi maji hupanda nayo; kiangazi hushuka nayo, na kila safari petroli inajipaka kwenye chembe za mchanga, juu na chini. Anayejua kazi yake hutambua katika mche mmoja misimu mingi ya mvua na kiangazi.

Baadaye huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, navyo visikae katika mstari mmoja. Kimo cha maji katika kila kimoja hupimwa kwa usahihi wa milimita tatu hivi, kwa sababu tofauti kati ya kisima na kisima yaweza kuwa sentimita chache tu, na tofauti hiyo ndiyo inayosema maji yanaelekea wapi: barabarani, au kwenye kisima cha kunywa cha jirani. Sehemu ya bomba yenye matundu lazima ianzie juu ya usawa wa maji na kuishia chini yake. Ikizamishwa yote, petroli inayoelea hubaki nje ya bomba, na kisima kitaonekana hakina petroli juu ya maji yake ilhali ipo. Kosa hilo halionekani kwa macho, na fundi makini hulikwepa kabla halijatokea.

Kuchota sampuli ndiko ninakokupenda zaidi. Pampu huendeshwa polepole, chini ya nusu lita kwa dakika. Kila baada ya dakika chache fundi husoma joto, tindikali, oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme, na hajazi chupa hadi vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Akiharakisha atatibua tope na kuipeperusha benzini hewani kabla haijahesabiwa. Kikomo cha benzini katika maji ya kunywa Marekani ni sehemu 5 katika bilioni. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, pupa ya dakika moja yaweza kupotosha jibu. Chupa ni ya kioo, ya mililita 40. Huijaza mpaka maji yavimbe juu ya mdomo bila kumwagika, akaziba, akaipindua, akaigonga kwa kidole na kuitazama dhidi ya mwanga. Kiputo kikionekana, chupa hiyo haifai, kwa sababu benzini itakimbilia humo.

Kazi hii ilihitajika sana mwaka 1996, mji wa Santa Monica, California, ulipofunga visima vyake kadhaa baada ya kukutwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa na petroli. Huyeyuka upesi majini na haishikwi sana na udongo, kwa hiyo husafiri mbali. Mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake. Kwa kuwa vyanzo vilivyoshukiwa vilikuwa vingi, uchunguzi ulibidi upite sheli kwa sheli, bomba kwa bomba.

Ndani ya kasha la barafu linalopeleka chupa za sampuli maabara huwamo chupa moja zaidi, iliyojazwa maji safi huko huko maabara. Huenda uwandani na kurudi bila kufunguliwa. Maabara ikikuta benzini ndani yake, huenda imeingia njiani. Sampuli zote zilizosafiri nayo hutiliwa shaka, na mafundi hurudi visimani kuchota upya.