Tabibu na Biashara ya Hofu

Tamthilia ya Knock, iliyotungwa na Jules Romains na kuchezwa kwanza mjini Paris mwaka 1923, ni mchezo wa kuchekesha wenye shabaha kali. Daktari Knock alinunua kwa Daktari Parpalaid nafasi yake ya kutibu katika mji mdogo wa milimani, akakuta ameuziwa hasara, kwani wenyeji walikuwa wazima na hawakuwa na desturi ya kumwendea tabibu. Hakukata tamaa. Alimtuma mpiga mbiu atangaze kuwa siku ya soko watu wataangaliwa bure. Wakaja wengi. Aliyeingia mzima alitoka na hofu. Mwenye mali akaamriwa kulala kitandani. Baada ya miezi mitatu hoteli ilikuwa imegeuka hospitali, na saa nne ilipogonga, vipimajoto 250 vilitumika kwa wakati mmoja. Mwishowe Parpalaid, aliyestahili kuijua hila, naye akaanza kuitilia shaka afya yake.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba Knock hamlazimishi mtu. Huuliza kwa upole, hunyamaza, akaiacha hofu ya mgonjwa ifanye kazi iliyosalia. Kwa hiyo kicheko cha mtunzi kinawapata wote wawili: tabibu mwenye tamaa na raia aliye mwepesi wa kusadiki.

Hata hivyo, mizani ya mtunzi imeelemea upande mmoja. Hatuonyeshi mtu ambaye kipimo kilimwokoa. Shinikizo la damu, mathalani, laweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, likaharibu moyo, figo na ubongo, hali mwenyewe hujidhani mzima. Mtu wa namna hiyo hakudanganywa na tabibu; amedanganywa na mwili wake. Kwetu, ambako wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, msomaji atakayeufanya mchezo huu udhuru wa kukwepa kipimo atakuwa amejidhulumu. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kosa la Knock basi si kupima. Kosa lake ni kuamua jibu kabla ya kupima, na kuyakadiria maradhi kwa uzito wa mfuko. Kipimo ni shahidi, nacho hakina faida mikononi mwa hakimu aliyekwisha kukata shauri. Mchezo huu wafaa kusomwa, mradi tucheke bila kuacha kwenda kupimwa.