Picha ya ndege ya kivita hupigwa na mlima

Wapenzi wa picha wa huku kwetu, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, wakiona picha ya ndege ya kivita iliyopigwa kwa juu, kofia ya rubani ikionekana waziwazi na majani ya mlimani yamegeuka michirizi, husema mpigaji alikuwa ndani ya ndege nyingine au ana lenzi ya mamilioni. Nyingi ya picha hizo hutoka Wales, Uingereza, kwenye mabonde yaliyo kati ya Dolgellau na Machynlleth, maarufu kwa jina la Mach Loop. Huko hupita ndege za mafunzo aina ya Hawk kutoka kambi ya RAF Valley, na F-15 za Marekani kutoka kambi ya Lakenheath, na ndege zinaweza kushuka hadi futi 250, yaani kama mita 76 kutoka ardhini. Mpigaji amesimama ubavuni mwa mlima, juu kuliko ndege yenyewe. Kimo hicho ndicho kilichofanya kazi kubwa. Kamera imemalizia tu.

Ipige ndege hiyohiyo ukiwa bondeni: utapata tumbo jeusi kwenye anga jeupe, bila chochote cha kuonyesha kasi. Ukiwa juu, mlima wa ng'ambo unakuwa pazia la nyuma. Kuna watakaosema kamera za siku hizi zinamfuata mlengwa zenyewe. Ni kweli zinashika fokasi, lakini hazikuzungushii kiuno. Ndege ya kilomita 830 kwa saa hukata mita 230 kwa sekunde; shata ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, imeshasogea sentimita 23, karibu upana wa kofia ile ya rubani. Kwa hiyo miguu husimama imara, viwiko hubanwa mbavuni, na kiwiliwili huanza kugeuka kabla kidole hakijabonyeza na huendelea kugeuka baada yake. Sikio nalo halisaidii sana: sauti iliyotoka ndege ikiwa mita 1,400 ikikufikia, zimebaki kama sekunde mbili tu. Macho yakae kwenye mdomo wa bonde.

Je, tufanye hivyo hapa? Huku kwetu Msalala ni tambarare, na vilima vya Geita havina korongo ambalo ndege za jeshi hupita kwa mazoea. Tena, ukanda huu una sababu ya kuwa makini: Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilidondosha mabomu Mwanza. Usielekeze lenzi kwenye ndege au kambi ya jeshi bila kibali. Ufundi wenyewe haudai ndege ya kivita. Panda kilima chenye mawe, subiri mwewe apite chini yako, weka shata kwenye sehemu moja ya 500, kisha mfuate kwa kiuno, si kwa mikono.