Mary Fiore Hakupaswa Kuwa Mwitaliano

Kosa la filamu ya The Wedding Planner liko kwenye jina la ukoo. Fiore ni ua kwa Kiitaliano, na aliyebebeshwa jina hilo ni Jennifer Lopez, mzaliwa wa Bronx, binti wa wazazi wa Puerto Rico. Tangu niione picha hii kwenye kanda ya kukodi, jina hilo limenikwama kooni.

Kumbukeni Januari 2001. Albamu ya Lopez, J.Lo, ilishika namba moja Marekani wiki ileile filamu hii ilipoongoza kwa mauzo ya tiketi, jambo linalotajwa kuwa la kwanza kwa msanii wa kike. Kwenye albamu anaimba mpaka Kihispania. Kwenye filamu anageuzwa Mwitaliano! Watayarishaji walikuwa na steringi wa kike wa Kilatini anayejaza kumbi, tena katika vichekesho vya mapenzi ambamo mtu wa kwao alizoea kuonekana akifua na kupiga deki, wakaona bora wamfiche.

Tazameni tena pale Salvatore, baba yake Mary, anapomweleza bintiye kwamba ndoa yake na marehemu mkewe ilipangwa, mapenzi yakaja baadaye. Ndipo moyo wa hadithi ulipo. Alex Rocco anaimudu, sina ugomvi naye. Lakini Lopez anamsikiliza kama mgeni aliyekaribishwa chai, si kama binti aliyelelewa na sauti ile. Mzee wa Puerto Rico angeyasema yaleyale bila kuhamisha nukta, na nyumba ingekuwa nyumba. Badala yake tunaongezewa Massimo, mchumba ambaye baba anamtafutia Mary: Justin Chambers, kijana wa Ohio, kabandikwa lafudhi ya Kiitaliano isiyomkaa. Kisha inakuja tango, ngoma ya Buenos Aires na Montevideo, na mwili wa Lopez unakiri kila kitu ambacho mswada umekikana.

Sikatai, mwongozaji Adam Shankman anajua kupanga miili mbele ya kamera, tukio la pipa la takataka limekatwa vizuri, na Judy Greer ni mzuri kila anapotokea.

Wahakiki waliichana. Kwenye Rotten Tomatoes haijafika hata asilimia 20, na lawama kubwa ni kwamba hadithi inatabirika. Hoja dhaifu. Hadithi za mapenzi tunaujua mwisho wake tangu mwanzo. Raha iko njiani, na msafiri lazima awe na kwao.

Nimelisema hili kila nilipopata nafasi: Hollywood ina deni tangu West Side Story ya 1961, ilipomvika Natalie Wood u-Puerto Rico huku Rita Moreno, mwenye asili hiyo hasa, akibeba Oscar kwa nafasi ya pembeni. Najua Lopez mwenyewe si Mmexico, na aliigiza Selena, mwimbaji Mmarekani wa asili ya Mexico, mwaka 1997. Ila mwongozaji Gregory Nava alimpa ukoo, lugha, na Edward James Olmos kama baba, akimweleza ndani ya gari ugumu wa kuwa Mmexico na Mmarekani kwa pamoja. Miaka minne baadaye, hata chembe ya hayo hakupewa.

Desemba 2002 Lopez alirudi kama Marisa Ventura, mama wa Bronx, katika Maid in Manhattan. Iliingiza zaidi ya dola milioni 90 Marekani. The Wedding Planner iliishia kwenye 60.