Kugeuza gari la petroli kuwa la umeme: kazi iko kwenye betri

Kung'oa injini ya petroli hakumsumbui fundi mwenye winchi. Wengi wanaojaribu kugeuza gari la kawaida kuwa la umeme katika karakana ya nyumbani hukwama baadaye, kwa sababu mawazo yao yote huwa kwenye mota.

Mota ina njia iliyozoeleka: unanunua Nissan Leaf iliyopata ajali, unavua mota yake ya kilowati 80, inveta, chaja na betri. Wengi wenye gari la gia za mkono huiacha giaboksi ya zamani mahali pake. Bamba nene la alumini hutobolewa matundu ya bolti, mengine yakilingana na giaboksi na mengine na mota, kisha fundi wa kerezo huchonga kiungo cha kuunganisha shafti mbili. Shafti hizo lazima zikae kwenye mstari mmoja. Zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi na sili huanza kuliwa. Klachi yaweza kuondolewa kabisa, maana mota haizimiki gari linaposimama, na mjini dereva huenda na gia moja tu.

Sasa betri. Ile ya Leaf za mwanzo ina moduli 48, kila moja karibu kilo 4, na zikiungwa kwa mfululizo hutoa volti 360 hivi na kilowati-saa 24. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Kwa hiyo betri nzima haifikii hata lita 3 za petroli! Kinachookoa ni kwamba injini hupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nishati kama joto, ilhali mota hutumia karibu asilimia 90. Gari dogo litakwenda kilomita 120 hivi, betri ikiwa bado na uwezo wake wote. Na betri hiyo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, hivyo joto huizeesha upesi. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, kupima uwezo uliobaki kabla ya kutoa pesa ni lazima.

Volti 360 za mkondo mnyoofu ni hatari ya aina yake. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika swichi inapofunguliwa. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche hujivuta na kuendelea kuwaka. Ndiyo maana hutumika kontakta na fyuzi zilizotengenezwa kwa mkondo huo, si za nyumbani. Inveta nayo ina kapasita kubwa. Ukiiunganisha na betri ghafla, mkondo mkubwa huruka na kuzigandisha nyuso za kontakta zisiachane tena. Dawa yake ni kontakta ndogo yenye rezista, inayoijaza kapasita taratibu kwanza, ndipo kontakta kubwa ifunge. Rezista hiyo ni ya bei ndogo, na mimi nisingekubali kupanda gari lisilo nayo.

Breki pia husahaulika. Busta yake ilitegemea mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo lazima ifungwe pampu ya umeme ya kuivuta hewa hiyo. Taa na honi zinahitaji kifaa cha kushusha volti hadi 12, kwa sababu alteneta imeondoka na injini.

Mwisho ni uzito. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa kuitwa Roam, iligeuza Land Cruiser za utalii. Gari la aina hiyo lina chesisi ngumu ya kubeba mzigo. Gari dogo la familia halina. Kwa hiyo kabla hujalegeza bolti ya kwanza, lipeleke gari lako kwenye mizani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ondoa uzito wa injini, tangi na bomba la moshi, kisha ongeza wa betri na mota. Jumla ikizidi uzito ulioandikwa na mtengenezaji, tafuta gari jingine.