Mkanda wa Buluu: Picha Isiyoonyesha Mishipa

Mji wa mimba wa panya una pembe mbili, ndefu na nyembamba. Mdunge panya rangi ya buluu kwenye mshipa wa mkia asubuhi ya siku ya tano, ukihesabu siku aliyopandwa kuwa ya kwanza. Baada ya dakika chache pembe hizo huonekana zimevikwa mikanda ya buluu, kila mmoja pale kiinitete kinapojipachika. Alexandre Psychoyos, huko Ufaransa, aliitumia mbinu hii kwa panya wakubwa katika miaka ya 1960, na mpaka leo picha yake haikosi kwenye makala za fani ya upachikaji wa kiinitete.

Kwa umbo, picha inavutia. Ina mapigo: buluu, weupe, buluu tena, kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na hata asiyesoma maelezo anaweza kuhesabu. Lakini rangi ile imeshikamana na albumini ya damu, na imeingia kwenye tishu kwa sababu kapilari za hapo zimelegea. Tunachokitazama ni uvujaji. Mshipa wenyewe hauonekani.

Tena picha inakipa kiinitete sifa yote. Tone la mafuta likitiwa kwenye mji wa mimba uliokwisha kuandaliwa na homoni, kapilari huvuja vilevile, bila kiinitete chochote. Buluu, basi, ni kauli ya mama.

Kosa kubwa zaidi ni kulaza bapa kitu chenye kina. Kata mkanda huo vipande vyembamba, uvitazame kwa darubini. Kufikia siku ya sita, tishu inayokizunguka kiinitete kwa karibu haina kapilari. Seli zake zimebanana kiasi cha kuzuia molekuli kubwa kupita. Mishipa imebaki nje ya eneo hilo, na huko ndiko inakotanuka, hasa kuelekea upande ambao plasenta itajengwa. Nani angelijua hilo kwa kutazama mkanda? Baadaye, katikati ya mimba, ateri zilizojisokota za upande huo hupoteza misuli ya kuta zake kwa msaada wa seli za kinga zilizomo katika mji wa mimba. Kwa panya wasio na seli hizo, kuta hubaki nene. Rangi ya siku ya tano haigusi habari hiyo.

Kwa kuonyesha mahali, mkanda wa buluu haujapata mshindani kwa wepesi. Mhariri akiletewa makala kuhusu mishipa yenye picha hiyo peke yake, aidai na ya kipande.