Shimo na Raba

Mipira inayoingia ipasavyo haimwelezi fundi. Ukitaka kumjua aliyeunda meza ya pool, tazama inayokwenda kinyume na pigo: ule uliopigwa vizuri ukatemwa bila sababu, na ule uliopigwa ovyo ukamezwa. Meza ya namna hiyo inamdhulumu mchezaji, hata kama miguu yake ni ya mninga na kitambaa chake ni kipya. Nawaheshimu sana mafundi wanaojua kuchagua mashimo na raba za ukingoni, kwa sababu ndio wanaoamua, kabla mchezo haujaanza, kosa gani lisamehewe na lipi liadhibiwe.

Wachezaji wakibishana juu ya ugumu wa meza, kwa kawaida wanataja upana wa shimo tu. Kanuni za WPA, chama cha dunia cha mchezo huu, zinataka mdomo wa shimo la kona uwe kati ya inchi 4.5 na 4.625. Mpira mkubwa wa Kimarekani una kipenyo cha inchi 2.25, hivyo mipira miwili ikikaa bega kwa bega inauziba barabara mdomo wa inchi 4.5. Mashimo ya katikati yanaachwa mapana zaidi, kuanzia inchi 5. Yapo mashindano makubwa yaliyoshuka hadi inchi 4 kwenye kona, na wapo wanaodhani kwamba kila meza ingebanwa hivyo mchezo ungekuwa bora. Sikubaliani nao. Ugumu peke yake hauna thamani. Kinachotakiwa ni meza inayompa kila mmoja jibu lilelile kwa pigo lilelile.

Jibu hilo haliko kwenye upana tu. Kuta za shimo la kona zingekatwa kwa pembe ya nyuzi 135 zingekwenda sambamba. Kanuni inataka 142. Zile nyuzi 7 za kila upande ndizo zinazolifanya koo liwe jembamba kuliko mdomo. Fundi akizidisha, mpira unagonga ukuta huu, unarukia ule, unarudi mezani. Kisha kuna kile kibaraza cha jiwe kati ya mdomo na mahali mpira unapoangukia. Kikiwa kifupi, mpira uliofika kwa uchovu unadondoka. Kikiwa kirefu, unababaika mdomoni na kubaki pale. Ndiyo maana meza mbili zenye mashimo ya inchi 4.5 zinaweza kuchezeka tofauti kabisa. Mwenye haraka hubana shimo kwa kugandisha vipande vinene vya raba mdomoni. Fundi ninayemsifu huurefusha ubao wa ukingo wenyewe, akaweka raba mpya, kisha akaikata upya kwa pembe yake.

Raba nayo ina historia yake. Mwaka 1835 John Thurston wa London alileta ukingo wa raba, badala ya ule uliojazwa vitambaa au manyoya ya farasi. Ulirudisha mpira vizuri, lakini baridi ilipoingia raba ikawa ngumu, ikabidi ipashwe kwa vyombo vya maji ya moto kabla ya watu kucheza. Huko Marekani, mwaka 1839, Charles Goodyear alikuwa amegundua kwamba raba ikipikwa na salfa haigandi kwa baridi wala hailegei kwa joto, na kufikia 1845 Thurston alikuwa na ukingo wa raba ya aina hiyo. Mipira yenyewe wakati huo ilikuwa ya pembe za ndovu, ambazo nyingi zilipitia Zanzibar, na pembe hujipinda hewa ikibadilika. Kipimo cha shimo kilikuja kuaminika kweli pale mpira wa plastiki ngumu uliposhika nafasi yake.

Sasa ncha ya raba ikae kimo gani? Kanuni inasema asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, yaani takriban milimita 36 kwa mpira mkubwa. Ikiwa chini mno, mpira unaruka. Ikiwa juu mno, unakandamizwa kwenye kitambaa na kupoteza kasi. Hapa ndipo meza nyingi za baa zinapoharibiwa na mtu asiye fundi. Mwenye meza ananunua mipira midogo ya Kiingereza, ya inchi 2, kwa sababu imepatikana kwa bei nafuu, akaiweka kwenye meza iliyoundwa kwa mipira mikubwa. Ncha ileile sasa imepanda hadi asilimia 71 ya mpira. Raba inalaumiwa kuwa imekufa, kumbe ni nzima. Tena katika meza za sarafu za mtindo huo wa Kiingereza, mpira mweupe una inchi 1.875 tu, mdogo kuliko wenzake ili mashine iutenge na kuurudisha. Fundi inambidi atafute kimo kimoja kitakachoitendea haki mipira ya ukubwa wa aina mbili. Kazi hiyo haionekani na mtu yeyote, na mimi naiona kuwa ya juu kabisa katika ufundi huu.

Akienda kununua raba atakutana na majina kama K-66 na K-55. Hayo ni maumbo, wala si madaraja ya ubora. Raba nzuri ya umbo lisilolingana na mteremko wa ubao itaipeleka ncha mahali pasipofaa, kwa hiyo anaanza kwa kupima ubao. Anakwangua gundi ya zamani mpaka mti uonekane, anabandika bila kuacha hewa ndani, anakaza bolti, kisha anausikiliza kila ukingo ukigongwa. Mwishoni anapiga mpira kwa nguvu kutoka upande mmoja wa meza, na hauna budi kwenda angalau urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu bila kuruka.

Kwa klabu ya mtaani yenye fedha kidogo na vijana wanaojifunza, ningemwambia fundi ayaache mashimo mapana, atumie fedha zote kwenye raba.