Farasi 365 wa Chevelle: wamehesabiwaje?

Tangazo la kuuza Chevelle SS ya 1971 iliyofufuliwa na kuongezewa vitu huanza na rangi, kisha namba: farasi 365. Tamu, lakini zimepimwaje?

Enzi hizo kampuni za Marekani zilipima injini ikiwa peke yake, bila alteneta, bila ekzosi ya gari lenyewe. Mwaka 1971 Chevrolet ilitoa namba zote mbili za injini hiyo ya lita 7.4: 365 ikiwa uchi, 285 ikiwa imevaa vifaa vyake. Wale farasi 80 hawakuwahi kufika barabarani! Ukiilinganisha 365 na namba ya gari la leo, unajidanganya.

Na injini ikishabadilishwa, hata 285 si yake tena. Muuzaji atoe karatasi ya kipimo kipya, la sivyo hizo ni stori tu.

Halafu breki, ambazo tangazo huzitaja mwishoni kama zinatajwa. Ukizidisha spidi mara mbili, nishati ya mwendo inapanda mara nne, na yote hiyo breki ziigeuze joto. Aliyeongeza farasi akaacha breki za zamani ameuza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo inayokurudisha nyumbani.